Bolingi sio nguvu jamani, tuache kudanganyana

Wikendi tulienda kucheza bolingi, ule mchezo wa kuviringisha mpira mzito uangushe pini kumi, hapa Nairobi, tulikuwa sita, nusu yetu ndio mara ya kwanza kushika ule mpira, na ushauri niliosikia pale, wueh! Wacha ninyooshe machache.

Eti chukua mpira mzito ndio uangushe pini zote. Hapana. Jamaa wetu mmoja wa gym alienda moja kwa moja kwa mpira wa 16, na hizo namba ni ratili, yaani hiyo ni kilo saba na ushee, kufika fremu ya nne, yaani zamu yake ya nne, mkono umelegea na mpira unamchomoka unadunda tii! halafu huyoo kwa mtaro wa pembeni. Dada yake alikuwa na wa 10, kama kilo nne na nusu hivi, akamwacha mbali sana. Watu hawajui kwamba kwa straiki safi, yaani kuangusha zote kumi kwa mrusho mmoja, mpira wenyewe unagusa pini nne tu, zile sita zingine zinaangushana zenyewe. Kwa hivyo shida ni mahali unapoingilia. Kama unatumia mkono wa kulia, lenga katikati ya pini ya mbele kabisa na ile inayoifuata upande wa kulia, maana ukiigonga ya mbele usoni na hasira zako zote mara nyingi unabaki na pini zilizoachana mbali, huku na kule, halafu unalaumu mashine.

Eti kodolea pini macho. Pini ziko mita 18 kutoka mstari wa faulo, ule usiotakiwa kuuvuka ukirusha, utaona nini huko? Kuna mishale saba imechorwa kwenye leni, ile njia ya mpira, karibu mita nne, tano hivi mbele yako. Chagua mmoja, wengi wa mkono wa kulia huanza na wa pili kutoka kulia, upitishe mpira hapo. Na ukiona unakosa kila mara upande wa kulia usianze kupinda mkono, sogeza miguu kulia, ndio, upande uleule unaokosea, na mshale ubaki uleule. Inaonekana kinyume ila jaribu, kutoka hapo mpira unaelekea kushoto zaidi.

Kuna na hii ya kuzungusha kiwiko ndio mpira ukate kona kama wa kwenye TV. Utaumia tu. Leni imepakwa mafuta, mengi sehemu ya mbele, na ile mipira ya plastiki ya kuazima imetengenezwa iende moja kwa moja, wale wa TV wana mipira yao inayong'ang'ania leni. Wewe hakikisha kidole gumba kinatoka kwanza kwenye tundu la mpira, basi.

Na spea, sio za gari, ni pale unamaliza zilizobaki kwa mrusho wa pili, watu wanaidharau sana. Hebu piga hesabu: ukiangusha tisa kila fremu ya zile kumi na ile moja ukaikosa, unamaliza na 90. Ukiangusha tisa na ukaimaliza hiyo moja kila mara, unapata 190, maana kila spea ni kumi pamoja na pini za mrusho unaofuata, na bila straiki hata moja! Mimi nikifundisha mtu ningeanzia hapo.

Kurusha kwa mikono miwili pia sio utoto. Jason Belmonte wa Australia anarusha hivyo na ndiye mwanaume mwenye mataji makubwa mengi zaidi ya PBA, chama cha wachezaji bolingi wa kulipwa cha Marekani.

Halafu vile viatu maalum vya kukodi. Wengi wanafikiri ni njia ya kukamua pesa tu, kumbe soli inatakiwa iteleze hatua ya mwisho, na ikilowa inakwama. Yule wa gym alienda kununua chipsi navyo, akakanyaga soda iliyomwagika, akarudi mbio kurusha, mguu ukagoma pale mstarini akavuka kwa magoti. Mpira ukaangusha nane. Ukivuka mstari ni faulo, kwa hivyo tukamwandikia sifuri, na hadi leo anadai nane zake.