Je, wajua kwa nini wahandisi wa chipu huamshwa usiku wa manane?

Chipu iliyomo ndani ya simu inayouzwa Makoroboi, Mwanza, inaweza kuwa imepita hatua zaidi ya 1,000 kiwandani kwa muda wa miezi 3 hivi, usiku na mchana, Krismasi na Idi. Kiwanda cha namna hiyo hakilali, na kina sababu za msingi. Ila hazitoshi kueleza kwa nini wahandisi wake wanachoka kiasi kile.

Sababu ya kwanza ni bei. Mtambo wa kuchora saketi kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 13.5 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), unaotengenezwa na kampuni ya ASML ya Uholanzi, unauzwa zaidi ya dola milioni 150. Ukigawa bei hiyo kwa miaka 5, kila saa inakula dola 3,400 na ushee, mtambo ufanye kazi usifanye. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni 8.

Ya pili ni silikoni yenyewe. Sahani ya silikoni ambayo chipu huchorwa juu yake, yenye kipenyo cha milimita 300, ikishasafishwa kwa asidi, uso wake huanza kuota utando wa oksidi kwa kuguswa na hewa. Hupewa saa chache tu kuingia mtambo unaofuata. Zikipita, inasafishwa upya au inatupwa. Wanaochakata minofu ya sangara hapa ziwani wanalijua sharti hilo: samaki hasubiri zamu ya asubuhi.

Ongeza umeme. Juni 2019, huko Yokkaichi, Japani, umeme ulikatika kwa dakika 13 hivi kwenye kiwanda cha chipu za kumbukumbu, na uzalishaji ukachukua wiki kadhaa kurudi sawasawa. Kwa Nyegezi, dakika 13 hata jenereta haijawashwa.

Sasa piga hesabu ya zamu. Waendesha mitambo wengi wa Taiwan hufanya saa 12 kwa siku mbili, kisha hupumzika siku mbili. Wastani ni saa 42 kwa wiki. Ni kazi ngumu: vazi linalofunika mwili mzima, hakuna kunywa maji ndani ya chumba safi, yaani ukumbi wa mitambo usioruhusiwa vumbi, na kuna makabidhiano kabla na baada ya zamu. Hata hivyo saa zao zina mwisho, na anayewapokea yupo.

Mhandisi hana wa kumpokea. Anakuja asubuhi kama mtu wa ofisini, anaondoka jioni kimeshaingia kiza, na simu yake inabaki wazi usiku kwa sababu mitambo fulani ni "yake". Tuseme king'ora kinalia saa nane usiku kwamba shinikizo ndani ya chemba, yaani sehemu ya mtambo iliyonyonywa hewa, limepanda. Sahani zinasimamishwa, kumbukumbu za mtambo zinasomwa, chemba inafunguliwa, mpira wa kuzibia unabadilishwa, hewa inanyonywa upya, uvujaji unapimwa, kisha sahani za majaribio zinapitishwa na vumbi linahesabiwa. Chemba ikishafunguliwa, saa kadhaa zimekwenda. Akikosea kusoma kumbukumbu akafungua chemba isiyo na tatizo, hasara inakuwa mara mbili, na mtu mwenye usingizi hukosea hapo hapo.

Morris Chang, aliyeanzisha TSMC, kampuni ya Taiwan ya kutengeneza chipu, mwaka 1987, amewahi kusema kwamba mtambo ukiharibika saa saba usiku, Marekani utatengenezwa asubuhi, na Taiwan utatengenezwa saa nane usiku. Alisema kwa kujivunia. Mwaka 2023, malalamiko ya wafanyakazi wa TSMC huko Marekani kuhusu saa za kazi yalipozidi, mwenyekiti wa kampuni wakati huo, Mark Liu, alisema asiyetaka zamu asiingie kwenye sekta hii. Lakini zamu siyo inayowamaliza wahandisi. Kinachowamaliza ni kukosa zamu.

Kuwapanga usiku kunawezekana. Mwaka 2014 TSMC yenyewe iliweka watafiti kwa zamu za saa 24 ili kuwahi kizazi kipya cha chipu kilichoitwa nanomita 10, ikawalipa zaidi wa usiku. Gharama ya saa moja ya ule mtambo wa kuchora inazidi mshahara wa msingi wa mwezi wa mhandisi anayeanza kazi Taiwan, kwa hiyo si fedha tu inayokosekana. Ugumu ni kwamba tabia za mtambo mmoja mmoja, kama valvu inayokwama au kipimo kinachodanganya, zimo kichwani mwa mtu mmoja. Zisipoandikwa kwenye daftari la makabidhiano, fundi wa usiku atampigia huyo huyo.