Tails kwenye flashi: inaficha nini, na nini haifichi

Mi ni fundi kompyuta hapa Mtwara mjini, na swali naloletewa sana saivi ni hili: fundi, nataka niingie mtandaoni mtu asijue ni mimi, nafanyaje? Wengi wameshaambiwa weka VPN yaishe, ile programu inayopitisha mtandao wako kwenye kompyuta ya kampuni nyingine. Kwa kazi hiyo mi VPN siitegemei, maana umemficha mtandao wako wa simu lakini mwenye VPN anaona unaingia wapi na wapi, yaani umeacha kumwamini huyu ukaenda kumwamini yule. Na toka Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilishataka watumiaji wa VPN wajisajili.

Naowapa ni Tails. Ni mfumo wa kuendeshea kompyuta kama Windows ilivyo, aina ya Linux iliyotoka kwenye Debian, ipo tangu 2009, na 2024 iliungana na Tor Project, wale wenye Tor, mtandao wa kuficha unakotokea. Haikai kwenye laptopu. Unaiweka kwenye flashi ya GB 8 kwenda juu, unachomeka, unawasha mashine huku unabonyeza F12 kama ni Dell au F9 kama ni HP, unachagua flashi, Windows yako haiguswi kabisa na ukizima RAM inafutwa. Laptopu iwe ya biti 64 na RAM GB 3 au zaidi, kwenye simu haifanyi kazi.

Kila kinachotoka humo kinapita Tor, programu ikitaka kutoka moja kwa moja inazuiwa. Tor inapitisha data kwenye kompyuta tatu: ya kwanza inajua unatokea wapi ila haijui unaenda wapi, ya mwisho inajua unakoenda ila haikujui, ya kati haijui hiki wala kile. Laptopu za mtumba zinazokuja kwangu betri ya saa kwenye mazabodi mara nyingi imekufa, mashine inawaka inasema ni mwaka 2010, hapo Tor inaweza kugoma kuunganika, so rekebisha saa kwanza kabla hujalaumu mtandao.

Sasa hapa ndo nataka mnisikilize vizuri. Ukitumia hotspoti ya simu yako, laini hiyo imesajiliwa kwa alama za vidole. Kampuni ya simu haioni unachosoma, lakini inaona kwamba umeingia Tor, na saa ngapi. Desemba 2013 mwanafunzi wa Harvard kule Marekani alituma barua pepe za uongo kuhusu mabomu ili akwepe mtihani, alipitia Tor, na Tor wala haikuvunjwa, wapelelezi waliangalia tu nani alitumia Tor kwenye waifai ya chuo muda ule, wakamuhoji akakiri. Alichofanya ni uhalifu simtetei, ila chukua hilo ulilete huku kwetu: mkulima wa korosho Newala anataka kuripoti mzani unaochezewa, kama kata nzima anayetumia Tor usiku huo ni yeye peke yake, ameshajulikana. Ndo maana Tails ikikuuliza unaunganikaje, chagua ile ya kuficha kwamba unatumia Tor, itakupitisha kwenye daraja, yaani kompyuta ya kuingilia Tor ambayo haijatangazwa hadharani. Inachelewa kidogo, vumilia.

Alafu usifungue akaunti yako ya Facebook humohumo, ukishaandika jina lako Tor haikusaidii kitu. Picha isafishe kwanza, maana inabeba aina ya simu na pengine mpaka sehemu ulipopigia, programu ya kusafisha imo humohumo kwenye Tails. Na uandishi wako pia, kama kila mtu anakujua kwa maneno yako ya Kimakonde, yaache pembeni siku hiyo.

Whonix na Qubes OS, mifumo mingine ya kompyuta ya usalama, nazo nzuri, ila Qubes inataka RAM nyingi na laptopu nyingi za huku haziiwezi, sitakudanganya.

Kitu kingine ni umeme. Kama betri ya laptopu imechoka na umeme ukakatika, ulichoandika kimepotea, Tails haikumbuki kitu. Kama una kazi ya siku kadhaa washa ile sehemu ya kuhifadhi kwenye flashi, inafungwa kwa pasiwedi, weka ya maneno matano au zaidi yasiyohusiana, na usiiandike kwenye simu.