Maoni ya Wanafunzi Wenye Malengo Makubwa: Kwa Nini Huwa Mazuri Mno, na Nini Kifanyike

Shule nyingi za sekondari nchini Tanzania zina klabu za sayansi, midahalo, uandishi na ujasiriamali ambazo huwavuta wanafunzi wenye ari kubwa, na walimu walezi wengi hufunga mwaka kwa kugawa dodoso fupi la maoni. Majibu hurudi yakiwa mazuri mno: wanafunzi wamefurahi, wamejifunza mengi, wanamshukuru mwalimu na wanaomba programu iendelee. Madodoso huwekwa kwenye faili, ripoti hupelekwa kwa mkuu wa shule au kwa mfadhili, na mwaka unaofuata klabu huendeshwa vilevile ilivyokuwa. Sisi tunaofanya tathmini ya programu za vijana tunapoona majibu ya namna hiyo, huwa hatuulizi kwanza kama klabu ni nzuri. Huuliza ni nani aliyeyakusanya.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayelenga udaktari au uhandisi, na anayetamani kuiwakilisha shule yake katika maonesho ya kitaifa kama yale ya Young Scientists Tanzania, mpango ulioanza mwaka 2011, anajua vizuri ni nani huchagua mradi utakaopelekwa. Anajua pia ni nani atakayemwandikia barua siku atakapoomba ufadhili wa masomo. Mtu huyohuyo ndiye anayemkabidhi dodoso na kusimama mbele ya darasa akisubiri lirudishwe. Kijana asiye na matarajio makubwa anaweza kuandika lolote kwa sababu hana cha kupoteza, lakini huyu anapiga hesabu. Juu ya hesabu hiyo kuna malezi yetu, ambayo humfundisha mtoto tangu mdogo kwamba kumkosoa mkubwa ni utovu wa adabu. Kwa hiyo wanafunzi tunaowahitaji zaidi watuambie ukweli ndio wenye sababu nyingi zaidi za kuuficha, na programu yoyote inayotaka maoni yao haina budi kuanza kwa kutenganisha shughuli ya kutoa maoni na mamlaka ya kutoa nafasi, vyeti na barua.

Kuwaambia wasiandike majina hakutoshi. Katika klabu ya wanafunzi 20, mwalimu ambaye amesahihisha madaftari yao mwaka mzima anaijua miandiko yote, nao wanajua kwamba anaijua. Njia inayofaa ni karatasi zikusanywe na mwalimu asiyehusika na klabu, naye azichape au aandike muhtasari wake kabla mlezi hajaona chochote. Pale asipopatikana mtu wa namna hiyo, majadiliano ya vikundi hufanya kazi vizuri kuliko dodoso: mlezi atoke nje, wanafunzi wakae wanne wanne au watano watano, wakubaliane mambo mawili wanayotaka yabadilishwe na moja wanalotaka libaki, kisha msemaji wa kila kikundi aeleze kwa niaba ya wenzake. Hoja inapokuwa ya kikundi, hakuna anayeweza kunyooshewa kidole. Zaidi ya hayo, uteuzi wa timu ukamilike kabla ya zoezi hili, na wanafunzi waambiwe waziwazi kwamba umekamilika.

Suala la lugha linastahili uzito kuliko linavyopewa. Kwa kuwa masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, walimu wengi huandaa dodoso kwa lugha hiyo bila kufikiri, na hupata majibu ya neno moja au mawili ambayo yangeweza kuandikwa na mtu yeyote kuhusu jambo lolote. Lengo hapa si kupima Kiingereza cha mwanafunzi. Aulizwe kwa Kiswahili, aruhusiwe kujibu kwa Kiswahili, na ataeleza kisa kizima. Vilevile, simu haziruhusiwi katika shule nyingi, kwa hiyo fomu za mtandaoni zinazopendwa na wafadhili huishia kujazwa nyumbani na wale tu ambao nyumbani kwao kuna simu janja na bando. Karatasi bado ndiyo chombo cha haki zaidi.

Kuhusu maswali yenyewe, kosa kubwa ni kuuliza kuhusu kuridhika. Swali kama “Je, umeridhika na klabu?” humwalika mwanafunzi atoe shukrani, naye hutoa. Maswali yenye manufaa huuliza kuhusu mambo yaliyotokea: katika vipindi vitatu vilivyopita, wewe mwenyewe ulishika vifaa mara ngapi? Ulipokwama katika mradi wako, ulimwendea nani? Ni kazi gani uliiacha bila kuimaliza, na nini kilikuzuia? Tuseme wasichana tisa kati ya kumi wameandika kwamba kazi yao katika jaribio ilikuwa kuandika matokeo wakati wavulana wakitumia hadubini. Hapo hakuna aliyelalamika wala kumkosoa mtu, lakini mlezi amepata jambo analoweza kulirekebisha katika kipindi kinachofuata kwa kupanga zamu. Mizani ya kuanzia “sikubali kabisa” hadi “nakubali kabisa”, iliyotokana na kazi ya mwanasaikolojia wa Marekani Rensis Likert ya mwaka 1932, ina nafasi yake katika makundi makubwa, ila kwa klabu ndogo huleta takwimu zenye sura ya usahihi usiokuwepo. Wastani ukipanda kutoka 4.2 hadi 4.4 kati ya 5 katika klabu ya watu 20, wanatosha wanafunzi wanne waliosogea hatua moja moja kuleta tofauti hiyo, na huenda walisogea kwa sababu siku hiyo kulikuwa na soda.

Kundi ambalo karibu halipatikani kamwe katika madodoso ya mwisho wa mwaka ni wale walioacha. Klabu huanza Januari na wanafunzi 40, hufika Oktoba na 15, na hao 15 ndio wanaoulizwa kama ratiba inafaa. Bila shaka inawafaa; wale ambao haikuwafaa wamekwisha kuondoka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na aliyejua kunguni hao ni yule aliyehama. Mwanafunzi wa kutwa anayetoka kwenye kipindi saa kumi na mbili jioni, akagombee daladala ambazo makondakta wake hawana hamu ya kubeba nauli ya mwanafunzi, anaweza kuwa na kipaji kuliko wote waliobaki bwenini. Yapo pia majukumu ya nyumbani, ambayo kwa wasichana huanza mara tu wanapovua sare. Orodha ya mahudhurio inatosha kuwatambua walioacha, na mazungumzo ya dakika kumi na kila mmoja wao, yakiendeshwa na mtu asiyewalaumu, huzaa mengi kuliko dodoso la kurasa nne.

Maoni yachukuliwe katikati ya programu, si siku ya kugawa vyeti. Kwa kalenda yetu, mwishoni mwa Machi au kabla ya likizo ya Juni panafaa: wanafunzi wameshaona vya kutosha, na waliotoa maoni watafaidi mabadiliko wao wenyewe badala ya kuwaachia wadogo zao. Kwa kidato cha nne ni muhimu zaidi, maana muhula wa pili mawazo yao yote huwa kwenye mtihani wa taifa.

Hata hivyo, kusikiliza si kutii kila kitu. Mwaka 2019, Louis Deslauriers na wenzake katika Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti uliolinganisha wanafunzi wa fizikia waliosikiliza mhadhara uliotolewa kwa ufasaha na wale waliotatua maswali wenyewe darasani kwa vikundi. Waliohangaika na maswali walifanya vizuri zaidi katika jaribio, lakini walijiona wamejifunza kidogo kuliko wenzao. Kujifunza kwa kweli kuna usumbufu, na mwanafunzi aliyezoea kushika namba moja huuchukulia usumbufu huo kuwa dalili kwamba mwalimu hajui kufundisha. Kwa hiyo wanaklabu wakiomba mihadhara zaidi na majaribio machache, au waombe wapewe mada za miradi badala ya kuzitafuta, mlezi asikimbilie kubadili. Atazame kwanza kazi zao, kisha awaeleze kwa nini ugumu huo umewekwa. Kwa upande mwingine, wakisema vipindi vinaanza nusu saa baada ya muda uliopangwa, hakuna utafiti wa kuwapinga.

Ndani ya wiki mbili wanafunzi wapewe majibu. Mlezi asimame awaambie: haya ndiyo mliyosema, hili tumelibadilisha, hili tutalijaribu muhula ujao, na hili haliwezekani kwa sababu hii. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayokwepwa zaidi, hasa linapohusu fedha, lakini vijana hupokea “hatuna bajeti ya basi” kwa utulivu kuliko ukimya. Ukimya ukirudiwa mara mbili, dodoso la tatu litajazwa kwa mzaha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni, na ni vigumu kudai haki hiyo imetekelezwa ikiwa maoni yenyewe hayakupata jibu.

Kabla ya kugawa karatasi hata moja, uongozi wa shule uamue nini kitafanyika endapo mwanafunzi ataandika kwamba anatukanwa, anapigwa au anashikwashikwa. Karatasi ya namna hiyo haingoji muhtasari wala kikao cha tathmini. Mkusanyaji ajue mapema atamfikishia nani siku hiyohiyo, mtu huyo asiwe mlezi wa klabu, na chini ya kila dodoso iandikwe namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo hupigwa bila malipo.