Tembo wa Tabora aliyekuja na gramu nne

Wiki iliyopita kijana mmoja alishuka kwenye basi la Manyoni, akaja moja kwa moja Majengo, hapa Dodoma, kwenye meza yangu ya kununua sarafu za kale, akatoa shikamoo na kufungua leso. Ndani mlikuwa na sarafu ya njano yenye tembo, mlima nyuma yake na mwaka 1916. Babu yake, alisema, aliichimbua shambani Kilimatinde, kule kwenye boma la Mjerumani. Anataka milioni tatu, "kwa kuwa ni wewe, mzee wangu."

Tembo huyo namfahamu. Ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15 (rupia ndiyo ilikuwa hela ya enzi za Mjerumani), iliyogongwa Tabora wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Mjerumani alipokuwa hapati tena sarafu kutoka kwao. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, hapo Iramba, ndiyo maana sisi wa kanda ya kati tunaionea fahari. Ya kweli ina upana wa milimita 22 na uzito wa gramu 7.17. Ya kijana ilikuwa na upana uleule hasa. Nikaiweka kwenye mizani: gramu 4.1. Shaba ya njano, basi. Dhahabu haikondi.

Kwa hiyo anza na mizani ya sonara. Sumaku watu wanaisifu kupita kiasi. Sarafu ikinasa, ina chuma, rudisha. Isiponasa hujajua lolote, maana shaba na aluminiamu nazo hazinasi.

Rupia moja ya fedha ndiyo yenye kazi. Ina gramu 11.66, na katika kila sehemu 1000, 917 ni fedha. Mafundi wa feki wanaijua namba hiyo. Wanaongeza unene kidogo mpaka uzito unakubali. Hapo natumia maji. Naweka glasi ya maji juu ya mizani, nabonyeza isome sifuri. Rupia naifunga kwa uzi mwembamba, naizamisha yote ining'inie bila kugusa kitako wala ukuta wa glasi. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosogezwa. Rupia ya kweli itasoma karibu 1.13. Ya shaba ya njano yenye uzito uleule itasoma karibu 1.4. Jicho halioni tofauti hiyo. Mizani ya desimali mbili inaiona.

Baada ya hapo nashika lenzi. Kaisari Wilhelm II amevaa kofia yenye tai, na tai huyo, shavu na sharubu ndivyo vinavyochakaa kwanza, kwa sababu vimeinuka na vidole vilipita hapo. Vibonde vya katikati ya herufi za GUILELMUS (ndiyo Wilhelm kwa Kilatini) havikuguswa, vinabaki vikali. Feki iliyomiminwa kwenye kalibu ina ulegevu kila mahali, hadi mashimoni, pamoja na vitundu kama vya mkate wa kumimina. Igeuze utazame ukingo: mstari wa mshono ukizunguka, usijisumbue na lenzi tena.

Mwaka nao usome. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia zake, na sarafu ndogo zilizoitwa pesa, 1890, lakini nimeshaletewa rupia ya 1880, imepakwa masizi na udongo mwekundu ili ionekane imezeeka. (Na kama yako ni ya kweli, usiisugue kwa mchanga wala limau. Mkusanyaji anailipia vile ilivyo.)

Wanaoleta rupia eti ina nguvu za ajabu, "inayovuta mchele" au yenye zebaki ndani, siwapimii. Nawaonyesha mlango.

Yule kijana nilimwekea tembo wake mizanini mara tatu, asome mwenyewe. Akaikunja leso taratibu, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama namjua mnunuzi mwingine hapa Dodoma, asiye na mizani.