Figo ya kupandikizwa na janga: tunayoambiana Ngamiani

Vijiwe vya kahawa vya Ngamiani vina madaktari wengi kuliko hospitali ya Bombo. Tangu Korona ya 2020, mtu aliyepandikizwa figo hapa Tanga hakosi mshauri.

"Acha dawa za kushusha kinga mpaka ugonjwa upite." Hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu linaingia akilini. Dawa hizo, kama takrolimasi na maikofenoleti, ndizo zinazouzuia mwili usiishambulie figo ya mwenzio. Ukiziacha, unaweza kuipoteza figo ukarudi kwenye mashine ya kusafisha damu, na virusi bado viko mtaani. Ni kweli kwamba mgonjwa akishaugua, daktari anaweza kumsimamishia dawa moja kwa muda, mara nyingi maikofenoleti, huku akifuatilia vipimo vya damu. Kijiweni hakuna wa kupima damu.

"Tiba ya matunda haina madhara." Muheza ni jirani, machungwa tele, na wakati wa Korona kila nyumba ilikuwa na jagi lake. Chungwa la kawaida halina neno. Balungi na danzi usiguse: huzuia kimeng'enya kinachovunjavunja takrolimasi mwilini, dawa ikajaa kwenye damu na kuiumiza figo ileile inayolindwa. Wala si matunda peke yake. Paxlovid, vidonge vya hospitali vya Korona, vina ritonavir inayofanya hivyohivyo, tena kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo hata dawa ya kizungu iulizie kwanza.

"Nimeshachanja, sina wasiwasi." Utafiti wa Marekani wa 2021 uliwafuatilia watu 658 waliopandikizwa viungo: baada ya dozi mbili za chanjo ya Korona, ni asilimia 54 tu waliopata kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya virusi. Chanja, ongeza dozi ukishauriwa, na wa nyumbani kwako wachanje pia.

"Upandikizaji uliahirishwa kwa woga tu." Hapana. Vitanda vya wagonjwa mahututi vilijaa katika nchi nyingi, na kinga ya mgonjwa hushushwa zaidi siku za mwanzo baada ya upasuaji. Kwetu, tangu hospitali ya Muhimbili ianze kupandikiza figo 2017, figo hutolewa na ndugu aliye hai, kwa hiyo wanalazwa wawili. Ila kungoja nako kulikuwa na hatari yake: anayesafishwa damu hawezi kuambiwa abaki nyumbani. Kwa kawaida huenda mara tatu kwa wiki, kwa muda wa takriban saa nne kila mara, chumba kimoja na wenzake.