"Jozi ni jozi" na imani nyingine zinazokutoa mezani kabla ya malipo

Ujumbe unafanana kila wiki mpaka nashuku wanafunzi wangu wa poka wananakiliana. "Mwalimu, nimeonewa tena. Tumebaki wanne, wanalipwa watatu. Niko blaindi kubwa (dau la lazima kabla ya karata) na tano mbili (jozi ya tano), jamaa wa blaindi ndogo kasukuma zote (kaweka chipu zake zote), nikaitikia (nikaweka na mimi). Kafunua A-J (A ndiyo ree), ree nyingine ikatua mezani. Lakini si nilikuwa mbele? Jozi ni jozi."

Ndiyo, ulikuwa mbele. Tano mbili dhidi ya A-J hushinda kama mara 54 kati ya 100. Na bado uliitikia vibaya. Ungekuwa umeitikia vibaya hata kama ree isingetua na sasa hivi ungekuwa unanitumia salamu za furaha.

Hapo ndipo huwa wananinunia, kwa hiyo tupige hesabu pamoja. Chukua shindano dogo la kawaida: watu 9, kila mmoja na chipu 1,500, zawadi zinagawiwa asilimia 50, 30 na 20. Wamebaki wanne na chipu zao ziko sawasawa, 3,375 kila mtu. Kwa kuwa hakuna tofauti kati yao, kila mmoja anamiliki robo ya mfuko wa zawadi, yaani asilimia 25.

Sasa wawili wagongane, mmoja atoke. Mshindi ana nusu ya chipu zote. Je, zawadi yake nayo imekuwa mara mbili, 50? Haiwezekani! Hamsini ni ya mshindi wa kwanza, na shindano halijaisha. Ukipiga hesabu ya ICM, ile inayogeuza chipu kuwa thamani ya zawadi, nafasi yake ya kuwa wa kwanza ni 50 kwa 100, ya pili kama 33, ya tatu kama 17, na thamani ya chipu zake inatoka 38.3. Chipu zimeongezeka mara mbili, zawadi imeongezeka kwa nusu tu na kidogo.

Zilizobaki zimeenda wapi? Kwa wale wawili waliokuwa wamekaa wanatazama. Kila mmoja amepanda kutoka 25 hadi karibu 31 bila kugusa chipu. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Huwa nawauliza wanafunzi: katika mkono ule, wewe ulikuwa panzi au kunguru?

Kwa hiyo unahatarisha 25 ili upate 38.3, na gawio hilo linakudai ushinde mara 65 kati ya 100 ndipo usipate hasara. Ukiwa kwenye blaindi kubwa na umeshaweka 300, kizingiti kinashuka, maana hata ukitupa karata umebakiwa na pungufu kidogo. Kinashuka mpaka kama 61. Si 50. Narudia, kwa sababu najua kuna mtu amesoma haraka: si 50.

Twende mbali zaidi. Tuseme jamaa anasukuma bila hata kutazama karata zake. Karata zozote mbili, kipofu kabisa. Tano mbili dhidi ya mkono wa kubahatisha hushinda kidogo zaidi ya 60. Mbili mbili hushinda kama 50 tu. Maana yake hata dhidi ya mwendawazimu, tano zako hazijafika. Sita mbili ndizo zinaanza kuvuka, zina kama 63. Lakini wangapi husukuma kipofu? Mtu wa kawaida anayesukuma ana angalau ree, au karata mbili kubwa, au jozi. Na akiwa na jozi kubwa kuliko yako, hali si ya kurusha sarafu tena. Unashinda chini ya mara 1 kati ya 5. Ukichanganya yote hayo unaingia karibu na 50, mahali panapodai 61. Kila ukifanya hivyo unatupa zaidi ya asilimia 4 ya mfuko mzima wa zawadi, na ulikuwa unamiliki chini ya 24.

Sasa geuza meza. Wewe ndiye blaindi ndogo, una tano zilezile, na wawili wa kwanza wameshatupa. Sukuma! Safari hii anayedaiwa 61 ni yule wa blaindi kubwa, na kama anajua hesabu atatupa karibu kila kitu, nawe unazoa blaindi bila karata hata moja kufunuliwa. Karata ni zilezile, chipu ni zilezile, ila jibu limepinduka kwa sababu ya nani katangulia kuweka. Ndiyo maana mtu akinitumia mkono na kuanza na "nilikuwa na jozi ya...", namkatiza. Kwanza niambie nani alisukuma. Jozi utanitajia baadaye, tena kwa kunong'ona.

Kuna tahadhari moja. Kama jamaa wa blaindi kubwa ni wale wasiojua kutupa karata, wale wanaoitikia "ili waone", basi mbili mbili na tatu tatu zako zimepoteza silaha yao. Kwake subiri mkono unaoshinda ukifunuliwa. Atakapoitikia vibaya atapoteza yeye, lakini atakupunguzia na wewe, na kunguru wawili watashiba.

Sasa imani nyingine. "Naitikia nyongeza ndogo tu, nitafute tatu za aina moja." Flopu, yaani karata tatu za kwanza zinazofunuliwa mezani, inakupa tatu au zaidi kama mara 12 kati ya 100, takriban mara 1 kila 8 na nusu. Wazoefu husema uwe na angalau mara 15 ya unacholipa, nyuma yako na nyuma ya mpinzani, ndipo kusubiri huko kulipe. Nyongeza ya chipu 600 inahitaji 9,000. Nani ana 9,000 katika meza ya wanne wenye 3,375? Umetumia karibu moja ya tano ya chipu zako kununua bahati nasibu. Na flopu isipokupa, tano zako zitakutana na karata kubwa kuliko tano karibu mara 99 kati ya 100, nawe hutajua uko wapi.

"Mezani tumebaki wachache, jozi ndogo zimepanda thamani." Nusu kweli. Uwezekano wa mmoja kati ya wapinzani watatu kuwa na jozi kubwa kuliko mbili zako ni kama 1 kati ya 6, afadhali kuliko meza ya tisa. Lakini jozi ndogo zina ugonjwa wao: hufutwa. Una tatu mbili, mezani zikalala 8-8-J-J-5, na jozi yako imekufa, maana zinahesabiwa karata tano bora tu na jozi mbili za mezani zimeipita. Mwenye A-7 anakushinda kwa ree yake.

"Basi bora nitupe kila kitu mpaka mmoja atoke." Hawa ni wale niliowaelimisha nusu. Mwenye chipu 400 anapokaribia kuliwa na blaindi ya 300, ndiyo, tupa hata nane mbili mbele ya yule mwenye mlima wa chipu aliyesukuma. Lakini kama aliyebaki na kidogo ni wewe, una 1,200, na hakuna aliyeweka kitu mbele yako, mbili mbili ni za kusukuma sasa hivi. Ukisubiri ufike 500 hakuna atakayekutupia. Wataitikia kwa karata yoyote, na kitisho chako kimekwisha. Jozi yenyewe huja mara 1 kila mikono 17, usiipangie miadi.

Kila nilichosema kinazidi makali katika mashindano ya kufuzu, yale ambayo nafasi zote zinazotolewa zina thamani moja. Huko hakuna wa kwanza wala wa tatu. Ukishakaa salama kwa chipu, kugongana na mwenye chipu nyingi kwa karata yoyote kunaweza kuwa kosa. Niliwahi kumwambia mwanafunzi atupe wafalme wawili. Akazitupa, akafuzu, na mpaka leo ananiuliza kama nilikuwa natania.