Mpe mwanafunzi wa jiografia data chafu

Mhitimu wa jiografia akikwama kazini, mara nyingi si kwa sababu hajui programu za ramani (GIS). Chuoni alizoea data iliyokwisha safishwa, na ramani yake ilisomwa na mhadhiri anayeijua data ileile.

Zoezi ninaloliamini ni hili. Andaa jedwali la vituo vya afya 200. Kwenye vituo kumi hivi, badilishanisha viwianishi, yaani latitudo na longitudo. Vituo viwili vipe sifuri kwa sifuri, vikaangukie Ghuba ya Guinea. Kisha mwambie achore eneo la mita 500 kuzunguka kila kituo.

Hapo utamjua. Data ikiwa kwenye EPSG:4326, mfumo wa viwianishi wa latitudo na longitudo, kipimo chake ni digrii, si mita. Akiandika 500, programu nyingi zitachukua digrii 500 na duara litaimeza dunia nzima. Wengi wakishtuka hubahatisha 0.005. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, kwa hiyo atapata mita 555 hivi. Tena hiyo ni karibu na ikweta. Kwenye latitudo 60, upana wa mashariki hadi magharibi hubaki nusu yake.

Dawa ni kuhamishia data kwenye ukanda wake wa UTM, mfumo unaopima kwa mita, kabla ya kupima chochote. Kanda ziko 60, kila moja ina upana wa digrii 6. Ila kuhamisha maana yake ni kukokotoa upya. Akibadili jina la mfumo tu, digrii zitasomwa kama mita na vituo vyote 200 vitarundikana mahali pamoja.

Kukabidhi nako kuna mitego yake. Shapefile, muundo wa kuhifadhia data ya ramani, ni kundi la mafaili: ukituma .shp bila .shx na .dbf umetuma pungufu, na bila .prj anayepokea hajui mfumo. Majina ya safu wima za jedwali hukatwa kwenye herufi ya 10, kwa hiyo "idadi_ya_wanaume" na "idadi_ya_wanawake" yote huwa "idadi_ya_w", na programu hulazimika kubandika namba ili kuyatofautisha. GeoPackage, muundo mwingine unaotumia faili moja, haina kero hiyo.

Mwisho, folda apewe mwanafunzi mwenzake airudie ramani kwa dakika 30, bila maelezo ya mdomo. Kila swali atakalouliza ni sentensi iliyokosekana kwenye maelezo ya data.

Wasifu hauhitaji mengi. "Najua GIS" haimwambii mwajiri kitu. "Nilisafisha viwianishi vya vituo 200 na kuandika maelezo yake" inamwambia.